Mwanafunzi Anapomshuku Mwalimu: Chimbuko la Riwaya ya Taharuki ya Kitabibu, 1968–1978

Utangulizi

Riwaya ya Coma ya Robin Cook, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka wa 1977, kwa kawaida huwekwa katika kapu la fasihi pendwa na, ikishawekwa humo, huachwa humo. Hoja inayotolewa ni kwamba kazi ya aina hiyo imekusudiwa kumshika msomaji usiku mmoja, kumtia hofu, kisha kumwachilia alale. Hapana shaka kwamba riwaya hiyo inafanya hivyo. Hata hivyo, hukumu hiyo haijibu swali la kihistoria. Kwa nini hofu ya namna hiyo ilipata umbo la riwaya mahali mahususi na wakati mahususi, yaani mjini Boston kati ya mwaka wa 1968 na 1978? Na kwa nini mzigo wa kufichua siri alitwikwa mwanafunzi wa udaktari, ilhali walikuwako polisi, waandishi wa habari na jamaa za wagonjwa?

Makala haya yanadhamiria kujibu maswali hayo mawili. Yanadai kwamba kiini cha taharuki katika riwaya ya kitabibu kimo katika uhusiano wa mwanagenzi na mwalimu wake. Mwanagenzi yumo ndani ya hospitali lakini bado si wa hospitali. Anaruhusiwa kuona karibu kila kitu lakini haruhusiwi kuamua jambo. Tena, cheti chake, yaani maisha yake ya baadaye, kimo mikononi mwa wale wale anaopaswa kuwahoji. Historia ya utanzu huu basi ni historia ya badiliko moja: jicho la mwanafunzi lililokuwa likimtazama mwalimu kwa mshangao lilianza kumtazama kwa shaka.

Jicho la kwanza: Edinburgh

Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya ya upelelezi yenyewe ilizaliwa karibu sana na wodi. Arthur Conan Doyle alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka wa 1876 hadi 1881. Huko alihudumu kama karani wa Joseph Bell, daktari wa upasuaji aliyesifika kwa kumtambua mgonjwa kazi yake na safari zake kabla mgonjwa mwenyewe hajafungua kinywa. Kazi ya karani ilikuwa kuwaingiza wagonjwa, kuandika maelezo yao na kumtazama bwana wake akisoma ishara za mikono, viatu na lafudhi. Kutokana na Bell, kama Doyle mwenyewe alivyokiri, alipatikana Sherlock Holmes, aliyejitokeza kwa mara ya kwanza katika riwaya ya A Study in Scarlet mwaka wa 1887. Si sadfa kwamba Holmes na Daktari Watson wanakutana mara ya kwanza katika maabara ya hospitali.

Msomaji wa Kiswahili anaujua ukoo huu kwa upande wa wajukuu. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyewafikia wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni wa nasaba ya Holmes, na Najum anamfuata kama Watson anavyomfuata bwana wake. Katika nasaba hiyo yote, msimulizi au msaidizi ni mwanafunzi anayestaajabia akili ya mkubwa. Fumbo liko nje, kwa mhalifu. Mwalimu ndiye ufunguo. Taharuki inaisha pale mwalimu anapoeleza.

Mtindo huo wa heshima uliingia pia katika hadithi za hospitali za Marekani. Daktari Kildare, aliyebuniwa na Frederick Faust chini ya jina la Max Brand mwaka wa 1936, ni kijana mwenye moyo safi. Katika filamu zilizoanza kutolewa mwaka wa 1938 aliwekwa chini ya mzee mkali lakini mwenye hekima, Daktari Gillespie. Mfululizo wa televisheni wa 1961 hadi 1966 uliuendeleza mpango huo huo. Kijana hukosea, mzee hukemea, mgonjwa hupona au hufa kwa heshima. Hospitali ni shule, na shule hiyo ni ya kuaminika.

Nyumba ya madaktari

Ili kuelewa jinsi imani hiyo ilivyovunjika, ni lazima kuutazama mfumo wa mafunzo wenyewe. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore mwaka wa 1889, na humo William Osler katika tiba na William Halsted katika upasuaji wakaweka utaratibu ulioenea baadaye nchini kote. Daktari kijana alikaa hospitalini kwa maana halisi ya kukaa: alilala humo, alikula humo, na kwa miaka kadhaa hakuwa na maisha mengine. Halsted aliupanga mfumo wake kama piramidi. Wengi waliingia kwa chini, wachache walipanda, na mmoja alifika kileleni. Kila ngazi ilimtegemea aliye juu yake kwa sifa na kwa riziki.

Mfumo huo ulizaa madaktari bingwa wa kiwango cha juu. Lakini pia ulizaa mambo mawili yanayomhusu mhakiki wa fasihi. Kwanza, uliunda jumuiya iliyofungwa, yenye lugha yake, sare zake, saa zake na miiko yake. Na jumuiya iliyofungwa ni mandhari tayari kwa riwaya. Pili, uliweka elimu na mamlaka katika mkono mmoja. Anayekufundisha ndiye anayekupima, na anayekupima ndiye anayejua makosa yaliyotendeka usiku. Katika mazingira hayo kunyamaza ni sehemu ya mtaala, ingawa hakuna kitabu kilichouandika mtaala huo.

Kufikia miaka ya 1970, daktari mwanagenzi wa Marekani aliweza kufanya kazi saa 36 mfululizo na zaidi ya saa 100 kwa wiki. Uchovu ulichukuliwa kuwa jando: aliyeupita aliwadai waliomfuata waupite pia.

Mwaka wa 1968 na fasili mpya ya kifo

Mfumo wa mafunzo peke yake usingetosha kuzaa utanzu. Kulihitajika tukio la kuitikisa maana ya hospitali, na tukio hilo liliandaliwa na ufanisi wa sayansi yenyewe. Tarehe 23 Disemba 1954, katika Hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa nduguye aliyefanana naye, na mgonjwa akaishi. Tarehe 3 Disemba 1967, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mgonjwa wake aliishi siku 18 tu, lakini dunia ilikwisha kubadilika. Mwili wa aliyekufa ulikuwa umepata thamani mpya kwa walio hai.

Mwaka uliofuata, Agosti 1968, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoongozwa na Henry Beecher, bingwa wa nusukaputi, ilichapisha pendekezo la kutambua kifo kwa kukoma kabisa kwa ubongo, hata kama moyo ungali unapiga kwa msaada wa mashine. Mwaka huo huo ilipendekezwa sheria ya mfano ya kuwawezesha raia wa majimbo ya Marekani kutoa viungo vyao baada ya kufa. Hatua hizo zilikuwa na sababu nzuri. Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida zilizua swali zito: ikiwa daktari ndiye atakayesema ni lini mtu amekufa, na daktari mwingine katika jengo lilo hilo anasubiri figo, nani atamlinda aliyelala?

Beecher mwenyewe alikuwa amekwisha kuwatia wasomaji shaka. Mwaka wa 1966 alichapisha makala yaliyotaja mifano 22 ya utafiti wa kitabibu uliokiuka maadili. Kisha, Julai 1972, magazeti yalifichua utafiti wa Tuskegee, ambamo tangu mwaka wa 1932 mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu ili ugonjwa utazamwe. Mnamo Aprili 1975 kijana wa kike wa New Jersey, Karen Ann Quinlan, alipoteza fahamu asizinduke tena. Kesi ya wazazi wake ya kutaka mashine ya kupumulia iondolewe ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, nayo ikaamua kwa upande wao Machi 1976. Kwa mwaka mzima picha ya msichana aliyelala ilikuwa katika kila gazeti.

Wakati huo huo fasihi ilikuwa imeanza kusogea. Mwaka wa 1968 Michael Crichton, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alichapisha A Case of Need kwa jina la bandia la Jeffery Hudson. Riwaya hiyo, iliyopata tuzo ya Edgar mwaka wa 1969, inamfuata mwanapatholojia wa Boston anayejaribu kumtetea mwenzake aliyetuhumiwa kusababisha kifo cha msichana kwa kumtoa mimba, jambo lililokuwa haramu kisheria wakati ule. Umuhimu wake kihistoria umo katika hatua moja: upelelezi sasa unafanyika ndani ya ukoo wa madaktari, na kizuizi kikubwa ni heshima ya majina makubwa. Lakini mpelelezi wake angali daktari kamili, mwenye kazi na kauli. Hatari haijamfikia aliye chini kabisa.

Coma: mwanagenzi mezani

Robin Cook alijaribu kwanza njia ya ukweli. Riwaya yake ya kwanza, The Year of the Intern (1972), aliyoiandika alipokuwa akitumikia jeshi la majini katika nyambizi, ilieleza mwaka mmoja wa daktari mwanagenzi: uchovu, woga, na kuota kutu kwa huruma. Haikupata wasomaji wengi. Cook akafanya jambo ambalo watunzi wachache hulikiri hadharani. Alivisoma vitabu vilivyouzwa sana, akaandika katika kadi mbinu ambazo kwazo msomaji hushikwa, kisha akazitumia. Mhakiki anaweza kulidharau jambo hilo. Lakini yafaa atambue kwamba maudhui ya kitabu cha kwanza hayakutupwa. Yalivikwa msuko mpya.

Susan Wheeler ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeanza zamu yake ya upasuaji katika hospitali ya kubuni iitwayo Boston Memorial, mnamo Februari 1976. Anakutana na Nancy Greenly, msichana wa rika lake, aliyeingia kwa kusafishwa kizazi na hakuamka. Baadaye Sean Berman, mwanamume mwenye afya aliyekuja kutengenezwa goti, anapatwa na yayo hayo. Susan anagundua kwamba visa hivyo vimezidi kiasi cha kawaida na kwamba vinahusiana na chumba cha upasuaji namba 8. Njama inayofichuka ni ya kutisha. Hewa ya kaboni monoksidi inapitishwa kwa siri pamoja na oksijeni, ubongo unaharibika, na miili inahamishiwa taasisi iitwayo Jefferson. Huko miili hiyo inatunzwa hadi viungo vyake viuzwe.

Msuko huo ukitazamwa kwa haraka, ni wa ajabu tu. Ukitazamwa kwa makini, kila pingamizi linalomkabili Susan linatoka katika mfumo wa mafunzo ulioelezwa hapo juu. Anataka kusoma majalada ya wagonjwa, anaambiwa si wagonjwa wake. Anataka kuuliza kuhusu nusukaputi, anaambiwa hajafika ngazi hiyo. Mark Bellows, daktari aliye juu yake kwa ngazi chache, anampenda na kwa kiasi anamwamini, lakini anatamani kuteuliwa kuwa mkuu wa madaktari walio mafunzoni, na kila swali la Susan linaihatarisha nafasi hiyo. Bellows si mwovu. Ni mtu aliyekwisha kufuzu katika somo la kunyamaza. Kwa kumweka kati ya Susan na wakubwa, Cook ameonyesha, pengine kuliko alivyokusudia, jinsi taasisi inavyojilinda kwa kutumia tamaa za kawaida za watu wema.

Aidha, Susan ni mwanamke, na ndiye mwanamke pekee katika kikundi chake. Historia inalieleza hilo pia. Sheria ya elimu ya mwaka wa 1972 ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vilivyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na katika mwongo huo idadi ya wanawake katika vyuo vya udaktari iliongezeka kwa kasi. Susan ni wa kizazi hicho cha mlangoni. Ugeni wake unampa faida ya kisanaa: yeye hajafunzwa bado kuona kuwa mambo ni ya kawaida. Wakati huo huo ugeni huo unawapa wakubwa wake kisingizio cha kumwita mwenye jazba. Hivyo jambo moja linampa uwezo wa kuona na kumnyima uwezo wa kusadikiwa. Taharuki yote ya riwaya imejengwa juu ya pengo hilo.

Kilele kinapofika, mwovu anatambulika kuwa Howard Stark, mkuu wa upasuaji, yule aliyekuwa akimsikiliza Susan kwa upole kuliko wengine. Kikulacho ki nguoni mwako. Stark hajitetei kwa pesa. Anajitetea kwa maendeleo: jamii haina ujasiri wa kuamua, hivyo wenye elimu waamue kwa niaba yake. Kisha anamtilia Susan dawa na kumpeleka chumba namba 8. Mwanafunzi aliyeanza kwa kusimama kando ya meza sasa amelala juu yake. Holmes, Bell, Gillespie, wote wamegeuzwa kichwa chini: mwalimu ameeleza fumbo, na maelezo yenyewe ni hukumu ya kifo.

Mwaka wa 1978 riwaya hiyo ilitolewa kuwa filamu, Geneviève Bujold akiigiza Susan. Mwelekezi alikuwa Michael Crichton, yule yule mwanafunzi wa Harvard wa mwaka wa 1968. Mduara wa mwongo mmoja ulikuwa umekamilika.

Hofu isiyo na njama

Mwaka huo huo wa 1978 ilitokea kazi nyingine iliyotoka katika mji ule ule na uzoefu ule ule. The House of God, ya daktari Stephen Bergman aliyetumia jina la Samuel Shem, ni tashtiti. Roy Basch na wanagenzi wenzake wanafundishwa na daktari aitwaye Mnene kanuni za kejeli za kujiokoa katika hospitali ambayo matibabu mengi yanawaumiza wazee badala ya kuwasaidia. Mmoja wao, Potts, anajiua. Hakuna njama, hakuna bomba la siri, hakuna Stark. Kuna usiku tu, na usiku mwingine baada yake.

Riwaya hizi mbili yafaa zisomwe pamoja, kwa sababu kila moja inafichua upungufu wa nyingine. Shem anaonyesha madhara bila mtendaji mmoja, lakini wanawake katika kazi yake wamechorwa kama starehe ya wanaume waliochoka, na wagonjwa wake aghalabu ni mzigo wa kuchekwa. Cook anamrudishia mgonjwa uso na jina, lakini analundika uovu wote juu ya mtu mmoja. Stark akikamatwa, msomaji anaweza kuamini kwamba hospitali imepona. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa riwaya ya taharuki ulipo: inahitaji mkosaji, na kwa kumpata inausamehe mfumo.

Historia iliyofuata iliuweka udhaifu huo wazi. Usiku wa Machi 1984, Libby Zion, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 18, alilazwa katika hospitali moja ya kufundishia jijini New York akiwa na homa. Alihudumiwa na madaktari wawili waliokuwa mafunzoni, na akafa kabla ya asubuhi. Baba yake, mwandishi wa habari, aliuliza maswali yale yale ambayo Susan Wheeler aliyauliza: nani alikuwa macho, nani alisimamia, nani alijua? Jopo la raia lililoitwa na mahakama halikupata njama. Lilipata saa nyingi mno za kazi na usimamizi hafifu. Mwaka wa 1989 jimbo la New York lilianza kutekeleza kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni, na mwaka wa 2003 kikomo hicho kikawekwa kwa nchi nzima. Kuhusu viungo, sheria ya mwaka wa 1984 ilipiga marufuku biashara yake nchini Marekani. Riwaya ilikuwa imekosea juu ya bomba. Haikukosea juu ya usiku.

Hitimisho

Imejadiliwa kwamba riwaya ya taharuki ya kitabibu ilizuka pale mambo matatu yalipokutana mjini Boston: mfumo wa mafunzo uliomfunga kijana kwa mwalimu wake, fasili mpya ya kifo iliyoupa mwili thamani mpya, na mfululizo wa fedheha uliomfanya raia amshuku mganga wake. Mwanagenzi alifaa kuwa mhusika mkuu kwa sababu ndiye pekee aliyesimama katikati: ameona kama daktari, na angali anaweza kuumizwa kama mgonjwa.

Katika Afrika Mashariki madaktari watunzi wamechagua njia nyingine. Yusuf Dawood, katika safu yake ya miaka mingi kwenye Sunday Nation, alisimulia kwa sauti ya bingwa aliyeshika kisu. Margaret Ogola, daktari wa watoto, katika The River and the Source (1994) aliwakutanisha Aoro na Wandia katika masomo ya udaktari, na masomo hayo ni uwanja wa ushindani wenye heshima na wa mapenzi. Nayo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Bwana Msa hadi Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965), ilimpa mpelelezi uhuru wa mtu wa nje au nguvu ya dola. Sauti ya aliye chini ndani ya taasisi, anayejua na asiyeweza kusema, ingali ina nafasi pana ya kusikika.

Wala maudhui si haba. Mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024 nchini Kenya, uliodumu kwa siku 56, ulichochewa kwa sehemu kubwa na suala la madaktari wanagenzi: lini watapangiwa vituo na watalipwa nini. Mjadala ulihusu shilingi, lakini chini yake mlikuwa na swali alilolibeba Susan Wheeler. Mgonjwa anayetiwa nusukaputi anaukabidhi mwili wake kama amana, na mara nyingi, saa nane za usiku, anayeipokea amana hiyo ni kijana aliye ngazi ya chini kabisa. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Taasisi nazo huficha maradhi yao, na fasihi inayoitwa pendwa imewahi kuyataja kabla ya tume na mahakama kuyataja. Mhakiki anayeipita bila kuisoma anaacha ushahidi huo nje ya historia.